Maji ya Kijani ya Huumura

Jumanne, tarehe 20 Februari, saa mbili na robo asubuhi, mwanamke aliyetapakaa tope hadi magotini aliingia katika ofisi ya matroni wa Hospisi ya Huumura, kituo cha kuwahudumia wagonjwa wasiopona, bila kubisha hodi. Akatua chupa ndogo ya plastiki mezani, kati ya birika la chai na sahani ya chapati.

"Chukueni maji yenu," alisema. "Mwenyewe hana haja nayo tena."

Ndani ya chupa kulikuwa na robo ya dawa ya kijani. Kibandiko kilisomeka: *Zakaria Rwaheru. Kijiko kimoja kila baada ya saa nne.*

Walioizunguka meza walikuwa watatu. Mwenyeji alikuwa Matroni Getrida Nyamaizi, mwanamke mkavu wa miaka sitini, aliyevaa sweta zito ijapokuwa chumba kilikuwa na joto la jiko. Kulia kwake aliketi msaidizi wake, Sista Siliva Kobusinge, mnene wa mashavu, mwepesi wa kucheka. Wa tatu alikuwa mgeni, Joselina Kabahuma, mkaguzi aliyetumwa kutoka Kampala kuja kupima ubora wa huduma. Huko Tooro, magharibi mwa Uganda, kila mtu ana jina la heshima analoitwa na wanaomjali au wanaomhitaji. La matroni lilikuwa Adyeri, la msaidizi Abwoli, na mkaguzi waliomwita Atwooki tangu alipoteremka kwenye basi jana yake.

"Pole sana, Mama Kezia," Kobusinge alisimama upesi. "Mzee ametutoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Na mama usiniite. Amelia tangu Ijumaa. Watu wa ng'ambo ya kijito wamemsikia. Ng'ombe wamemsikia wakagoma kulala. Nyinyi peke yenu ndio hamkusikia."

Atwooki alilivuta rundo la mafaili akatafuta la Rwaheru. Saratani ya tezi dume, imeingia mifupani. Hospisi ile ilipima maumivu kwa vidole: ngumi ni sifuri, mkono wazi ni tano. Faili lilisema: tarehe 12, sifuri. Tarehe 15, sifuri. Tarehe 19, yaani jana, *sifuri, ametulia*.

"Jana mumeo alionyesha vidole vingapi?"

"Vitano. Halafu akanyanyua na mkono wa pili."

"Na choo chake kilikuwaje?"

Kezia alimtazama kama anayemtazama mwendawazimu. "Mume wangu yuko chini ya shuka, hajaoshwa, na wewe unaniuliza choo chake?"

"Nakuuliza."

"Alikuwa anahara! Wiki mbili anahara, nafua mashuka mpaka vidole vimechubuka. Umeridhika?"

Atwooki hakuridhika hata kidogo. Alikuwa muuguzi miaka ishirini kabla hajawa mkaguzi, na alijua kwamba mofini, dawa ile ya kijani ya kutuliza maumivu, humfunga mtu choo kama mlango uliopigwa misumari. Ndiyo maana kila anayeinywa hupewa pia unga wa mbegu za papai ili kumlainisha. Anayekunywa mofini na mbegu za papai huenda sawa. Anayekunywa mbegu za papai peke yake huhara.

Alifungua chupa, akadondosha tone kwenye ncha ya ulimi. Mofini ni chungu, uchungu unaokaa mdomoni mpaka mchana. Alisubiri. Hakuna kitu. Maji yaliyotiwa rangi.

"Aliyemfanyia hivi mumeo nitamjua," alimwambia Kezia.

"Utamjua, halafu?" Kezia alijibu, akageuka akatoka.

Matroni aliweka kikombe chini kwa mkono wa kushoto. Chai ilimwagika kwenye sahani. "Umekuja kupima huduma za walio hai, Atwooki. Hukuja kuchunguza maiti."

"Yote ni huduma, Adyeri. Nani aliandika hizi sifuri?"

"Taarifa za milimani huletwa na dereva," Kobusinge aliingilia, sauti yake laini kama siagi. "Sisi wauguzi ni wawili, hatuwezi kupanda kila wiki. Bagonza hupeleka chupa, huwauliza wagonjwa vidole, akirudi ananitajia, mimi naandika. Anachoniambia ndicho naandika." Alihema. "Sipendi kumsema mtu. Ila wachuma chai waliwahi kumwona kijitoni, anajaza chupa maji."

Matroni aliisukuma sahani pembeni kwa mkono wa kushoto.

"Nataka kuona kabati," Atwooki alisema.

Sheria ilitaka ufunguo wa kabati la mofini ukae kwa mtu mmoja tu, naye alikuwa matroni. Nyamaizi alipapasa mfuko wa sweta, akapapasa tena.

"Uliusahau kwangu asubuhi, Adyeri," Kobusinge alisema, akafungua yeye.

Chupa tano kubwa zilisimama kwa mstari, zote za kijani. Daftari nalo lilionyesha tano. Kobusinge alishika ile ya mbele, akamimina kidogo kwenye kijiko, akamkabidhi Atwooki kwa tabasamu. Uchungu ulimpiga mpaka machozi yakamlenga.

"Sasa umeona," Kobusinge alisema. "Inatoka hapa ikiwa nzima. Huko njiani, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kazi yako isilale. Orodha ya simu nimekuandalia, familia kumi na mbili, kama barua yako ilivyoagiza. Wote wanapatikana."

Ukutani, juu ya kabati, kilining'inia cheti chenye fremu ya mbao: *Alama 96 kwa 100.* Sahihi ya chini ilikuwa ya Atwooki mwenyewe, ya miaka miwili iliyopita. Fomu ile ya maswali mia aliitunga yeye. Alijivunia. Mwaka jana tu, kwa fomu hiyohiyo, aliifungia hospisi ya Nyabweru kwa sababu dawa ilikuwa imekatika siku tisa, na hakuna mtu Kampala aliyemlaumu.

Siku ile aliwapigia watu wote wa kwenye orodha. Wote kumi na wawili walisifu. Mgonjwa analala, mgonjwa anakula, Mungu awabariki masista. Alipouliza kuhusu choo, wawili walimkatia simu, na waliobaki walisema kwa haya kwamba ni kigumu kidogo. Atwooki alikaa na kalamu mkononi, akiangalia majibu mazuri kumi na mawili na chupa moja ya maji.

*

Jumatano saa moja asubuhi alikataa gari la hospisi, akakodi bodaboda. Alikuwa na majina yote kumi na tisa ya wagonjwa wa mofini, na aliamua kuanza na kumi waliobaki kwenye njia ya Bagonza, kule juu penye mashamba ya chai.

Hawakumpokea vizuri. Nyumba ya kwanza walimwachia mbwa. Nyumba ya tatu, kijana mmoja alisimama mlangoni mikono kifuani.

"Umetoka hospisi?"

"Nimetoka Kampala. Nawakagua hospisi."

"Aha. Umekuja kutukagua tunavyokufa."

"Nimekuja kuonja dawa ya mama yako."

"Onja. Hata kuku tumewaonjesha. Hawakusinzia."

Yalikuwa maji. Mama yule alikuwa amejikunja ukutani, mboni zake pana kama za paka gizani, anauma pindo la blanketi ili wajukuu wasimsikie. Mtu mwenye mofini mwilini mboni zake huwa ndogo kama kitundu cha sindano. Atwooki aliuliza choo. Anahara, tangu tarehe tano hivi.

"Mlimwambia dereva?"

"Kila akija. Mara ya mwisho alilia na yeye."

Hilo Atwooki aliliandika na kulipigia mstari.

Aliendelea. Maji. Maji. Halafu, mwisho kabisa wa barabara, mahali ambapo dereva mwizi angekuwa na nafasi kubwa kuliko kote, alifika kwa Mwalimu Kagaba, mkuu wa shule mstaafu, aliyelala kitandani na redio kifuani.

"Choo?" Mwalimu alicheka kwa taabu. "Binti yangu, siku nne sijakiona. Ukikutana nacho kisalimie."

Mboni zake zilikuwa vitundu vya sindano. Dawa yake ilikuwa chungu. Atwooki aliangalia simu iliyokuwa inachajiwa kwenye betri ya sola kando ya mto, akakumbuka kwamba sauti hii aliisikia jana. Mwalimu alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili.

Hadi saa tisa alasiri alikuwa amemaliza milima. Wagonjwa kumi wa njia moja, gari moja, dereva mmoja: watano walikuwa na dawa, watano walikuwa na maji.

Aliporudi mjini hakuingia ofisini. Alizunguka nyuma ya hospisi, hatua mia tatu tu kutoka ukutani, kwenye kibanda cha udongo cha bibi mmoja aitwaye Nyakaisiki, aliyekuwa mchuma chai ujanani na sasa hakuwa na mtu. Bibi hakuweza kuketi. Chupa yake ilikuwa kichwani pa kitanda.

Maji.

"Dereva Bagonza ndiye anakuletea hii?"

"Dereva wa nini?" bibi alisema kwa shida. "Gari lipite wapi hapa? Huletewa na Sista. Kwa miguu."

"Sista yupi, bibi?"

Lakini maumivu yalikuwa yamemshika, na hakuweza kujibu tena. Atwooki alikaa naye, akamfuta jasho, kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa. Kisha alitoka nje ya kibanda akapiga simu hospitali ya mkoa, akawaomba mofini ya wagonjwa sita.

"Ipo," mfamasia alisema. "Mwezi mzima ipo. Njooni kesho asubuhi na barua yenye sahihi na muhuri wenu, bila hivyo sitoi hata tone."

Atwooki aliondoa simu sikioni, akaitazama. Mwezi mzima.

*

Saa kumi na moja jioni alimkuta Bagonza uvunguni mwa gari, anafunga boliti.

"Toka tuzungumze."

"Nazungumza hukuhuku."

"Ulionekana kijitoni unajaza chupa maji."

Spana ilisimama. Bagonza alijiburuta akatoka, uso umejaa grisi na hasira. "Nilikuwa naosha! Chupa za marehemu zikirudi lazima zioshwe ndipo zitumike tena. Bomba la hapa lilikauka wiki nzima. Ningeoshea mate?"

"Nani alikutuma?"

"Ofisi."

"Ofisi haina mdomo. Nani?"

"Wewe," Bagonza alimnyooshea spana, "Ijumaa unapanda basi lako. Mimi nabaki hapa na watoto wanne na kibarua hiki kimoja. Nitaje jina, halafu nikale wapi?"

"Hizi sifuri kwenye mafaili zimetoka kwako."

"Sifuri?" Alicheka bila furaha. "Mimi nilileta tano, mkaguzi. Nilileta nne na tano mpaka nikaona aibu kuzitaja. Niliambiwa, 'Bagonza, wewe ni dereva, endesha.' Basi nikaendesha."

Alirudi uvunguni. Atwooki aliinama. "Mgonjwa mmoja wa juu kule kasema ulilia."

Spana iligonga boliti mara mbili. Kisha sauti ikatoka chini ya gari, nzito: "Nenda zako, mama. Niache nifanye kazi."

*

Alhamisi saa mbili asubuhi Atwooki aliingia ofisini kwa matroni, akafunga mlango kwa ufunguo. Mkosaji sasa alikuwa mmoja wa wauguzi wawili, matroni au Abwoli. Usiku alikuwa amezipanga sababu za kumshuku Nyamaizi, na hazikuwa chache. Ufunguo wa kabati ni wake kisheria. Sahihi ya kila siku kwenye daftari la dawa ni yake. Na jana, alipopishana naye koridoni mwenye giza, aliona jambo lililomkata maini: mboni za matroni zilikuwa vitundu vya sindano.

"Nani anamimina dawa kwenye chupa za wagonjwa, Adyeri?"

"Mimi. Kwa mikono yangu. Sahihi si umeiona?"

"Fungua hiyo droo."

"Ni ya mambo yangu."

"Fungua, au nimwite Sajini Mugenyi wa polisi aivunje."

"Mwite! Mwite na jeshi!" Nyamaizi alipiga meza. "Miaka kumi na minane nazika watu wa mji huu. Nimewafunga macho baba zao na mama zao. Wewe unakuja na karatasi zako siku tatu, unanusa choo cha watu, halafu unaniita mwizi?"

"Sijakuita mwizi bado. Unatumia mofini, Adyeri. Nimeyaona macho yako."

Matroni alishusha mabega. Alionekana kama gunia lililotobolewa. Kwa mkono wa kushoto alifungua droo. Ndani kulikuwa na chupa ndogo ya kijani na kadi ya mgonjwa, yenye jina, tarehe na muhuri wa daktari wa mkoa: *Getrida Nyamaizi.* Kisha, polepole, bado kwa kushoto, alifungua vifungo vya sweta.

Mkono wa kulia ulikuwa umevimba kuanzia begani mpaka vidoleni, ngozi imevutika inang'aa. Atwooki alishaiona mikono kama hiyo. Ziwa linapoliwa na saratani, mkono wa upande ule hujaa maji.

"Tangu Novemba," matroni alisema. "Sikutaka wajue. Mgonjwa akimwona anayemtunza naye anakufa, atamshika nani?"

Atwooki aliutazama mkono ule, akakumbuka chai iliyomwagika, akakumbuka sweta kwenye joto. Chupa kubwa ya mofini ikijaa ina uzito wa mtoto mchanga. Mkono huu haungeweza kuinyanyua, sembuse kumimina tone kwa tone kwenye chupa kumi na tisa.

"Humimini wewe."

"Tangu Januari simimini."

"Ufunguo ulimpa Abwoli."

"Nilimpa. Ni kosa, najua. Nikawa natia sahihi kwa kuliamini neno lake. Kila jioni ananiambia, 'Dawa ipo, Adyeri, pumzika.'" Alianza kufunga vifungo, akashindwa, na Atwooki akamfungia. "Haiwezi kuwa yeye. Abwoli ni kama mwanangu."

"Mzigo wa dawa kutoka Kampala ulipaswa kufika lini?"

"Tarehe tatu Februari."

"Ulifika?"

"Sikuuona kwa macho yangu," Nyamaizi alisema.

"Na barua yangu ya kutangaza ukaguzi ilifika lini?"

"Tarehe mbili," alisema matroni. "Aliifungua Abwoli."

Kabla hawajaondoka mle ndani Atwooki aliandika barua ya kuomba dawa, matroni akaitia sahihi na muhuri, na Bagonza akakabidhiwa aende nayo mkoani.

*

Saa tano kamili Atwooki aliwaita Kobusinge na matroni kwenye chumba cha dawa. Sajini Mugenyi wa kituo cha polisi, mzee mtaratibu aliyemzika mkewe kutoka hospisi ileile, alisimama mlangoni.

"Kwa nini na polisi?" Kobusinge aliuliza, bado anatabasamu. "Mmemkamata Bagonza?"

"Bagonza nimemtuma mahali. Fungua kabati, Abwoli."

Kobusinge alifungua. Atwooki hakuishika chupa ya mbele. Alinyoosha mkono mpaka nyuma kabisa, akatoa ya tano, akamimina kwenye kijiko, akampa Sajini. Mugenyi alilamba, akakunja uso akisubiri uchungu, kisha akaukunjua.

"Maji," alisema.

Ya nne ilikuwa maji. Ya tatu, maji. Ya pili ilikuwa na maji nusu tu. Tabasamu la Kobusinge lilibaki mahali pake kama kitu kilichosahauliwa.

"Bagonza anaingia humu," alisema. "Ana njia zake. Mimi nilishasema."

"Bibi Nyakaisiki hapelekewi dawa na Bagonza. Anapelekewa na Sista, kwa miguu. Matroni hana nguvu ya kutembea hatua mia tatu. Ulipeleka wewe, na ulipeleka maji."

"Bibi yule amechanganyikiwa, hajui anachosema."

"Basi tumwache. Tuchukue mafaili." Atwooki aliyapanga saba juu ya meza, moja baada ya jingine, la Rwaheru likiwa juu. "Nilijiuliza tangu jana: hawa saba wana nini ambacho wale kumi na wawili hawana? Si njia, kwa maana Mwalimu Kagaba yuko mwisho wa njia na dawa yake ni nzima. Si ugonjwa. Si umri. Usiku nikafungua ukurasa wa kwanza wa kila faili. Soma hapa, Sajini. Palipoandikwa *namba ya simu ya familia*."

Mugenyi alivaa miwani. "Pana mstari tu. Hapa nako mstari. Mstari. Mstari..." Akafika la saba. "Wote hawana simu."

"Mimi nikipima hospisi hupiga simu kwa familia. Asiye na simu simuulizi. Dereva halijui hilo, na mafaili hayagusi. Anayelijua ni yule aliyesoma barua yangu." Atwooki alimgeukia Kobusinge. "Mzigo haukuja. Iliyobaki ikatosha wagonjwa kumi na wawili. Ukawachagua wale ambao ningewasikia. Hawa wengine ukawakorogea rangi ya keki, na vidole vitano vya Bagonza ukaviandika sifuri."

Kisha Kobusinge alivua kofia yake ya uuguzi, akaiweka juu ya mafaili. Sauti yake ilipotoka haikuwa siagi tena.

"Swali la thelathini na moja," alisema. "Lisome kwa sauti, Atwooki. Umelitunga wewe."

Atwooki hakuihitaji karatasi. "*Je, dawa ya maumivu imewahi kukatika katika miezi mitatu iliyopita?*"

"Ukijibu ndiyo?"

"Unakatwa alama thelathini."

"Na ukikatwa thelathini?"

"Hospisi inafungwa."

"Nyabweru uliifunga kwa siku tisa. Siku tisa! Wagonjwa wao hamsini walikwenda wapi? Uliwahi kurudi kuuliza? Wanne walikuja kufia hapa kwenye veranda yetu." Alimwonyesha matroni kwa kidole. "Adyeri anakufa. Mlidhani sijui? Nani angebaki na nyumba hii? Mimi. Na jambo la kwanza ambalo lingetokea mikononi mwangu ni kufungwa. Nikasema, siku chache tu. Mzigo utafika kesho. Kila siku nikasema kesho. Wakifa saba, wataishi mia. Ningekuambia ukweli ungefanya nini? Sema mbele ya Sajini!"

Atwooki angeweza kusema uongo, na hakuna ambaye angemkamata.

"Ningewafungia," alisema.

"Basi!" Kobusinge alipiga makofi mara moja. "Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza. Jumatatu usiku Rwaheru alikuwa na wana watatu wenye mabega ya kubeba ng'ombe. Hospitali ya mkoa ina mofini mwezi mzima, nimewauliza, na Bagonza yuko huko saa hii anaichukua. Ungemwambia Kezia 'dawa imeisha,' wangembeba baba yao kwa machela, na angelala usiku uleule. Lakini chupa ilikuwa pale, ya kijani, ina jina lake. Wakaiamini. Hukuwanyima dawa tu, Abwoli. Uliwanyima hata kuitafuta."

"Kuazima mkoani kunaandikwa," Kobusinge alisema kwa sauti ndogo. "Ungeona."

Matroni Nyamaizi alijikokota mpaka mbele ya msaidizi wake, akamwangalia usoni muda mrefu.

"Na mimi?" aliuliza. "Yangu ilikuwa dawa kweli?"

"Yako nisingeigusa, Adyeri. Hata kwa kisu shingoni."

"Ulipaswa kunipa maji," matroni alisema. "Ningejua siku hiyohiyo. Mimi nina mdomo."

Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja wazi. Kobusinge akaweka ufunguo juu yake. Ndipo alipoanza kulia, na Sajini akamtoa nje kwa kumshika kiwiko, bila pingu.

Bagonza alirudi saa saba. Atwooki alipanda mbele pamoja naye, wakaenda nyumba kwa nyumba mpaka jua likazama. Watu waliipokea dawa mlangoni, na wengi hawakumshukuru. Walianza na Bibi Nyakaisiki, kwa kuwa alikuwa karibu, na walipopita tena kurudi alikuwa amelala.

Ripoti ya Huumura ilikuwa fupi, na mahali pa alama palikuwa patupu. Atwooki aliandika kilichotokea, akaandika swali la thelathini na moja, akaandika nani alilitunga, na chini yake majina ya wagonjwa wa Nyabweru waliofia kwenye veranda ya Huumura. Kampala walimpigia simu wakamwambia aondoe kurasa mbili za mwisho. Alikataa. Wakamwondoa yeye. Mwezi wa Machi alirudi Tooro na sanduku moja, akavaa sare ya muuguzi baada ya miaka minane, na kumhudumia Nyamaizi mpaka siku yake ilipofika.

Hukumu ya Kobusinge ilisomwa tarehe 24 Aprili, saa nne asubuhi: miaka saba. Familia zote sita za wagonjwa wa milimani zilikuwa zimeshuka, wakakaa mabenchi ya mbele bila kusemezana. Watu walipotoka, Kezia alimsubiri Atwooki kwenye ngazi za mahakama. Alikuwa amevaa gauni jeusi la gomesi, na wanawe watatu walisimama nyuma yake.

"Yule amepata miaka yake," Kezia alisema. "Na wewe je? Kesi yako inasomwa lini?"

Hakungoja jibu. Aliteremka ngazi, na wanawe wakamfuata.